Kupaka Ki-67 Kisumu: pima maji kabla ya kulaumu kingamwili

Kwenye friji yetu kuna kichupa kidogo kuliko kidole gumba, na ndani yake mililita 1 ya kimiminika kisicho na rangi. Kila anayekitoa hukishika kama yai. Ni kingamwili ya Ki-67, kloni (yaani ukoo wa seli unaoitoa) ya MIB-1, na ndiyo inayotuonyesha ni seli gani kwenye kipande cha tishu ziko mbioni kugawanyika. Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara au mwanafunzi wa mazoezini huku kwetu magharibi, anayepaka rangi kwa mkono, bila mashine ya kumfanyia kazi, na ambaye stima ikipotea anajua jenereta iko upande gani. Slaidi zikitoka nyeupe, wa kwanza kutuhumiwa huwa ni kingamwili. Kwa niliyoyaona mezani, huwa ya mwisho kupatikana na hatia.

Ujue ulichoshika

Jina lake halina fumbo. "Ki" ni Kiel, mji wa Ujerumani ambako Johannes Gerdes na wenzake waliitengeneza na kuitangaza mwaka 1983. Namba 67 ni ya kishimo, kwenye sahani ya vishimo 96, ambamo kloni ile ilikuwa inakuzwa. Waliwachanja panya viini vya seli za limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya limfu, wakapata kingamwili kabla hawajajua inashika protini gani. Protini ikabaki na jina la kingamwili, kama mtoto aliyepewa jina la mkunga. Ile ya kwanza ilifanya kazi kwenye tishu mbichi iliyogandishwa tu. MIB-1, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikakubali tishu iliyolala kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na kuzikwa ndani ya nta, mradi ichemshwe kwanza. Hilo la kuchemsha liweke akilini, maana tutalirudia.

Protini ya Ki-67 hukaa ndani ya kiini muda wote seli ikiwa kwenye mzunguko wa kugawanyika, na seli ikienda kupumzika hutoweka. Wakati wa kugawanyika kwenyewe hutoka na kuzivika kromosomu kwa nje. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba vazi hilo huzizuia kromosomu zisigandamane, mithili ya unga mkavu unaonyunyizia madonge ya chapati kabla ya kuyapanga kwenye sinia. Kwa hiyo rangi ya kahawia inakuambia seli iko safarini. Haikuambii imefika kituo gani. Ukitaka zile zilizo katikati ya kugawanyika peke yake, tafuta kingamwili ya histoni H3 (protini inayozungukwa na DNA) yenye fosfeti kwenye serini ya 10.

Huku kwetu kichupa hiki kina kazi maalumu. Limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya kwa watoto ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, hupatikana sana penye malaria nyingi, na ukanda wa Ziwa Victoria umo. Karibu kila seli yake iko kwenye mgawanyiko, kwa hiyo Ki-67 yake hukaribia asilimia 100. Sasa tuseme uvimbe unaodhaniwa kuwa Burkitt unasomeka asilimia 60. Ama si Burkitt, ama kuna kilichoharibika mezani kwako. Mtoto yuko wodini, na uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huna muda wa kubahatisha ni kipi kati ya hayo mawili.

Kichupa kinapofika

Kikitoka Nairobi kije na vipande vya barafu vilivyo bado baridi. Vikifika vimeyeyuka lakini kasha lina ubaridi, usipige mayowe. Kingamwili nyingi za aina hii huvumilia saa kadhaa nje ya friji. Zisichokivumilia ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Karatasi ya maelezo ikisema nyuzi 2 hadi 8, weka kwenye rafu ya katikati ya friji, si mlangoni ambako joto la Kisumu huingia kila mtu anapotafuta maji ya kunywa. (Maji ya kunywa hayatakiwi humo, lakini sote tunajua.)

Soma karatasi hiyo kabla ya kufungua. Angalia kloni, mnyama aliyeitoa (MIB-1 hutoka kwa panya), namba ya loti, na kama imethibitishwa kwa tishu iliyo ndani ya nta. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa sekunde chache ili matone yaliyonasa kwenye kifuniko yashuke; hayo ni pesa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika na zailini, kiyeyushio cha nta.

Tishu kabla haijafika kwako

Hapa huna mamlaka, lakini unayo simu. Kipande kitiwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH isiyumbe) ndani ya saa moja baada ya kukatwa, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Kikae humo kati ya saa 6 na 72. Tumepokea vipande kutoka mbali vikiwa vimebanwa kwenye chupa ndogo ya sindano, formalini imelowesha juu tu, na katikati tishu imeanza kuoza. Hapo Ki-67 hushuka, na hakuna ujanja wa mezani utakaoirudisha. Ukiona ukingo wa kipande umepaka vizuri na katikati ni peupe, chanzo ndicho hicho. Pigia wodi, zungumza nao kwa upole, waeleze habari ya chupa pana.

Kukata

Mikromita 3 hadi 4. Tumia slaidi zenye chaji. Zile za kawaida zitaiachia tishu ielee kwenye sufuria kama majani ya chai. Kausha kwa nyuzi 60 kwa saa moja. Usikate akiba ya mwezi mzima, kwa sababu Ki-67 kwenye slaidi iliyokatwa hufifia kadiri inavyokaa.

Kwa kila kundi ongeza slaidi mbili za kupimia kazi yako yenyewe: kipande cha mafindofindo, yale yanayotolewa kooni kwa watoto, na slaidi ya tishu ileile ya mgonjwa itakayopata bafa badala ya kingamwili. Bila findo huna hoja ya kubishana na yeyote. Ni afadhali kuahirisha kazi hadi kesho kuliko kupaka bila findo.

Kuondoa nta

Zailini mara tatu, dakika 5 kila moja, kisha alkoholi ya asilimia 100, 95 na 70, kisha maji. Kuanzia hapa hadi mwisho slaidi isikauke hata mara moja.

Kuchemsha

Formalini hufunga protini kwa vifundo, na antijeni, yaani ile sehemu kingamwili inayoishika, ikajificha ndani yake. Joto kali ndilo linalovifungua vya kutosha kingamwili ipite. Karatasi nyingi za maelezo husema chemsha dakika 20 kwa nyuzi 95 hadi 98. Zimeandikwa na watu ambao maji yao huchemka kwa nyuzi 100.

Kisumu tuko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Chukua kipimajoto, tumbukiza kwenye sufuria iliyo wazi inayotokota, nawe utasoma karibu 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, utapata 94. Eldoret ni kama 93. Maji yanaruka, mvuke unapanda, na ukiongeza moto joto halipandi hata nyuzi moja. Fundi wa Eldoret anaweza kufuata maelekezo neno kwa neno, asifike pale maelekezo yanapotaka, na bado akaapa kwamba alichemsha. Kweli alichemsha.

Ndiyo maana nashikilia sufuria ya presha, hii ya kupikia maharagwe, iliyonunuliwa kwa ajili ya maabara na isiyorudi jikoni kamwe. Uzito wa vali yake hupandisha joto la ndani hadi karibu nyuzi 120. Fanya hivi: tia bafa ya kutosha kufunika slaidi zote zikiwa kwenye kishikio cha chuma au plastiki inayostahimili joto, chemsha bila kufunga, tumbukiza slaidi, funga, ngoja vali ianze kupiga mluzi, na hapo ndipo uanze kuhesabu dakika 3. Si kabla. Zima moto. Acha mvuke utoke wenyewe, kisha slaidi zibaki ndani ya bafa yake dakika 20 zipoe. Kuna wanaoiweka sufuria chini ya bomba ili wawahi. Vipande vya mafuta na vya ngozi hubanduka hapohapo. Ukiwa Nakuru au Eldoret ongeza dakika moja, halafu linganisha mafindo mawili, la dakika 3 na la dakika 4.

Bafa ya sitreti: gramu 2.94 za trisodiamu sitreti dihaidreti kwa lita moja ya maji safi ya maabara, rekebisha pH iwe 6.0 kwa asidi ya hidrokloriki, ongeza mililita 0.5 ya Tween 20, ambayo ni kama sabuni. Bafa ya Tris na EDTA: gramu 1.21 za Tris, gramu 0.37 za EDTA, pH 9.0, Tween kiasi kilekile. MIB-1 hufanya kazi kwa zote mbili. Mimi hupendelea ya pH 9 kwa tishu iliyokaa sana kwenye formalini, ingawa hubandua tishu zaidi. Kumbuka pH ya Tris hushuka joto linapopanda, kwa hiyo ipime ikiwa imepoa hadi joto la chumba, na kipima-pH chako ukisawazishe kwa bafa zenye pH inayojulikana siku hiyohiyo. Kipima-pH kilichokaa wiki nzima bila kusawazishwa ni saa mbovu ukutani.

Kuzuia na kuzimua

Zungushia tishu duara kwa kalamu ya nta. Weka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10 ili kunyamazisha vimeng'enya vya damu. Ile ya dukani iliyoandikwa volyumu 20 ni asilimia 6, basi changanya nusu kwa nusu na maji. Osha. Weka seramu ya mbuzi ya asilimia 5 kwa dakika 20, kung'uta, usioshe.

Sasa kingamwili. Kama kichupa kimeandikwa tayari kwa kutumika, usikizimue. Kama ni kikali, usimeze namba iliyo kwenye karatasi bila kuijaribu. Panga mafindo manne: 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400. Chagua uzimuaji mwembamba zaidi ambao bado unatoa viini vyenye kahawia kali juu ya mandhari safi. Hesabu yake inafaa kumwonyesha anayeshika bajeti. Kwa mikrolita 150 kila slaidi, mililita 1 kwa 1:50 inatosha slaidi 333, na kwa 1:200 inatosha 1,333. Kichupa ni kilekile.

Mfano wa siku ya kawaida: slaidi 10 za wagonjwa, findo moja na ya kudhibiti moja, ya kudhibiti haipati kingamwili, hivyo ni slaidi 11. Tengeneza ya 12 ili usikwame kwenye tone la mwisho. Mara 150 ni mikrolita 1,800. Kwa 1:100 unahitaji 18 za kingamwili na 1,782 za bafa ya kuzimulia. Pipeti ya mikrolita 20 ivutwe polepole, ncha iguse juu ya kimiminika tu, maana inayozama hutoka na tone la ziada kwa nje.

Acha dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4. Chemba ya unyevu ni kontena la plastiki la chakula lenye karatasi iliyoloweshwa chini na vijiti viwili vya kuegemeza slaidi. Zima feni. Najua saa nane mchana Kisumu kuzima feni ni adhabu, lakini hewa hiyo hukausha kingo za tishu, na kingo zilizokauka hupaka kahawia isiyo na maana yoyote. Ukiona utepe wa kahawia pembeni tu, kwenye kila kitu hadi nyuzinyuzi, hiyo ni feni.

Kimeng'enya na rangi

Osha kwa TBS (maji ya chumvi yenye bafa ya Tris) yenye Tween ya asilimia 0.05, mara tatu, dakika 5 kila moja. Weka polima yenye kimeng'enya cha peroksidesi, inayoing'ang'ania kingamwili, kwa dakika 30. Osha tena mara tatu. Kisha DAB, kemikali ambayo peroksidesi huigeuza kahawia, dakika 5, ukitazama findo chini ya hadubini.

Hapa nikiri kosa langu. Msimu mmoja wa joto bafa yetu ya kuoshea ilikuwa inaota ukungu kila baada ya siku nne. Nikaona kwenye lebo ya kichupa cha kingamwili kwamba kihifadhi chake ni sodiamu azaidi, nikajiambia kinachoifaa kingamwili kitaifaa bafa. Nikatia asilimia 0.1. Siku mbili mfululizo slaidi zikatoka buluu tupu, na findo pia. Mwanafunzi wetu akaniangalia kwa huruma.

"Madam, antibodi imekufa."

Nikakubali. Nikaandika barua ya malalamiko kwa muuzaji, kali, yenye namba ya loti na kila kitu. Kabla ya kuituma nikachukua mirija miwili midogo. Wa kwanza: tone la polima, maji safi, DAB. Ukageuka kahawia kabla sijaweka pipeti chini. Wa pili: tone la polima, bafa yetu ya kuoshea, DAB. Tukaungoja dakika 5, ukabaki kama maji ya kisima.

Azaidi huua peroksidesi. Ndani ya kichupa haidhuru, kwa sababu tunaizimua na kuiosha kabla kimeng'enya hakijafika. Ndani ya bafa ya kuoshea inakikuta kimeng'enya ana kwa ana. Barua nikaifuta. Tangu hapo tunatengeneza bafa nusu lita, tunaiweka kwenye friji, tunaimwaga Ijumaa.

Jaribio hilo la mirija miwili lifanye kabla ya kulaumu yeyote. Linachukua dakika 5 na halitumii kingamwili hata kidogo. Findo na mgonjwa wote wakiwa weupe, tafuta kosa mezani: polima, DAB, bafa, kuchemsha, au hatua iliyorukwa stima ilipokatika. Findo likipaka vizuri na mgonjwa akiwa mweupe, kosa liko kwenye tishu yake, au kweli seli zake zimetulia; angalia kama ndani ya kipande hichohicho kuna seli yoyote ya kahawia, hata moja ya mshipa wa damu. Na slaidi isiyopewa kingamwili ikitoka na kahawia, rudi kwenye peroksaidi na kuosha.

DAB inashukiwa kusababisha saratani. Vaa glavu, na masalia yake yaende kwenye chombo chenye lebo cha taka za kemikali, si kwenye sinki. Sinki letu linaelekea ziwani.

Malizia kwa rangi ya buluu ya viini, hematoksilini ya Mayer, kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Usizidishe, buluu nzito humeza kahawia nyepesi. Suuza kwa maji ya bomba hadi igeuke buluu, pitisha alkoholi na zailini, funika kwa gundi ya DPX.

Kusoma

Anza na findo, kila mara. Utaona maduara makubwa: upande mmoja umejaa viini vya kahawia nzito, upande wa pili vimepungua, na taji la seli ndogo linalouzunguka mduara ni karibu buluu yote. Kwenye ngozi ya juu ya findo, kahawia iwe kwenye safu zilizo karibu na msingi, huku safu za juu kabisa zikiwa safi. Taji likiwa la kahawia, kingamwili yako ni kali mno. Duara likiwa hafifu, rudi kwenye sufuria.

Kwa mgonjwa, hesabu seli za uvimbe zisizopungua 500 kwenye sehemu zilizohifadhiwa vizuri. Kiini chenye kahawia kinahesabiwa, iwe nzito au nyepesi; iliyo nje ya kiini haihesabiwi. Kwa saratani ya matiti, kundi la kimataifa linaloshughulikia Ki-67 lilieleza mwaka 2021 kwamba asilimia 5 kushuka chini na 30 kwenda juu ndizo zinazoaminika katika kuamua matibabu kwa baadhi ya wagonjwa. Za katikati mafundi wawili wazuri wanaweza kutofautiana, kwa hiyo usiandike 17.4 kana kwamba umepima kwa mizani.

Kwa Burkitt, usitoe jibu kwa Ki-67 peke yake. Daktari wa patholojia atataka alama za seli za CD20, CD10 na BCL6 ziwepo, BCL2 isiwepo au iwe hafifu sana, na ikiwezekana ushahidi wa jeni ya MYC kuhama. Na kuna kitu kitakachokuhangaisha mara ya kwanza. Burkitt huonekana kama anga ya usiku yenye nyota: seli za uvimbe zimesongamana, na katikati yake kuna nafasi nyeupe, ambazo ni makrofaji zinazomeza seli zilizokufa. Kwenye Ki-67 anga yote inakuwa kahawia na nyota zinabaki nyeupe. Nyota hizo usizihesabu kama seli za uvimbe zisizopaka, utashusha asilimia bure. Tena ndani ya nyota mara nyingi kuna chembe za kahawia zilizovunjika, mabaki ya seli zilizomezwa, na hizo pia usizihesabu. Zungusha lenzi ya 40, tafuta kiini cha makrofaji chenyewe, kikubwa, chepesi, cha buluu, kimesukumwa pembeni. Ukishakiona mara moja hutakikosa tena.